Kitabu cha Mama Angel

"Mtu yuko kaburini mwaka wa sita, unamfukua ya nini?" Devotha alikuwa amesimama nyuma ya uzio wa masale, na sauti yake iliteremka mlima mpaka barabara ya Kwai. "Si ungemwambia akiwa na mdomo wa kujibu?"

Upande wa pili Klara alikuwa ameinamia tuta la mnavu. Hakuinuka.

"Nilichelewa," alisema. "Hilo nalo nimeliandika."

"Umeandika! Baba mkwe wangu kafundisha kwaya miaka arobaini. Nusu ya kitongoji hiki imejifunza kuimba kwa Mzee Nikodemo. Leo nikishusha njegere zangu sokoni wananitazama kama vile ni mimi niliyefanya!"

"Umekisoma, Devotha?"

"Nikitie machoni uchafu huo? Nimeambiwa. Inatosha."

Ugonjwa ulikuwa hapo hapo. Mtaa mzima uliambiwa, aliyesoma hakuna. Kitabu chenyewe chembamba, kurasa tisini, kimechapwa Tanga. Jaladani palikuwa na jina la Klara, na chini yake picha ya msichana mwenye sweta la shule, kageukia ukutani. Kilisimulia habari za mtoto wa miaka kumi na mbili aliyekuwa akibakishwa peke yake na mwalimu baada ya mazoezi ya kwaya. Siku moja mtoto alimwendea mama yake, akamwambia yote. Mama akamjibu, "Yule ni mzee wa watu. Usirudie maneno hayo, utatuaibisha." Kwenye ukurasa wa mwisho Klara aliweka namba yake ya simu: yeyote mwenye jambo la namna hii apige, atasikilizwa.

Na watu walipiga. Alipiga mwalimu mmoja wa kule Sigi, akasema wanafunzi wake wawili wamefunguka. Alipiga mama mmoja wa mashamba ya chai, hakutaja jina. "Jana nimemuuliza binti yangu," alisema. "Kumbe..." Klara alikaa na simu sikioni, akimsikiliza akilia, mpaka laini ikakatika.

Lakini hapa nyumbani, weee! Wale wanawake waliokuwa wakijazana kibarazani kwake, wakichambua mboga pamoja na majina ya watu, sasa wakifika kwenye geti lake walihamia upande wa pili wa njia. Kibaraza kilibaki na kuku. Wachache wenye huruma walimvizia kisimani, wakamshika mkono haraka haraka na kunong'ona, "Pole, mama, kwa yaliyokupata." Pole hizo zilimchoma kuliko matusi. Kila akipewa moja alifungua mdomo ili airudishe, na mtu keshatokomea kwenye ukungu.

"Na huyo mama wa kitabuni," Devotha aliendelea, kwani alikuwa bado hajashiba, "naye umemsingizia. Mtoto aje analia, mzazi amwambie anyamaze? Hakuna mzazi wa hivyo. Labda shetani."

Klara akajiinua polepole, mkono kiunoni. Miaka sitini na minne si mchezo.

"Yupo," alisema. "Wala hakuwa shetani. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza, mstari wa mbele, na aliupenda ule mstari."

"Na wewe umemsamehe?"

"Hata kidogo."

Devotha alitafuta neno la kujibu, akaokota lililokuwa karibu, lile ambalo majirani walikuwa wakiliongea chini chini siku zote.

"Hata Angel wako mwenyewe, tangu niolewe hapa sijawahi kumwona akipanda mlima huu kukusalimia. Utasaidia watoto wa nani, Mama Angel, na wa kwako hakutaki?"

Klara aliurudia mnavu wake. Nakala ya kwanza kabisa ya kitabu alikuwa ameifunga kwa gazeti, akaipeleka stendi na kuituma kwa basi mpaka Muheza, anakoishi Angel. Huu ulikuwa mwezi wa tatu tangu aitume. Simu zilikuja kutoka kila upande, na kila ilipolia alifuta mikono kwenye kitenge kabla ya kuishika. Muheza haikupiga. Kitabu kilikwenda kwa mamia ya watu, lakini yeye alikiandika ili kisomwe na mmoja.

Pikipiki ilisimama kule chini barabarani. Mwanamke wa makamo akashuka, akaanza kupanda njia ya udongo mwekundu na viatu visivyofaa kwa mlima. Alimpita Devotha bila kumtazama. Akaingia getini, akasimama mbele ya Klara, akihema.

Hakutoa shikamoo.

"Eti hata salamu!" Devotha aliguna. "Watoto wa siku hizi!"

Klara hakuingojea hiyo shikamoo. Alijifuta udongo mikononi, akajifuta tena, ingawa ulikwisha kutoka.

"Umefika," alisema.

Mgeni akatoa kitabu kwenye mkoba. Kilikuwa kimechakaa, kurasa zimevimba kama kitu kilicholowa kikakaushwa. Akafungua palipokunjwa, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa umekosea," alisema. "Umeandika kwamba nilikuambia mara moja. Nilikuambia mara tatu, mama."

Devotha alisogea karibu zaidi na masale.

Klara alizitafuta zile mara mbili nyingine kichwani, akazitafuta tena, hakuziona.

"Karibu ndani, Angel," alisema. "Ule kwanza."