Mlinzi wa Mzinga na Harufu Yake

Hekaya hii ni ya tezi iliyo shingoni mwetu, ile inayoupa mwili joto na kasi, na ya kinga ya mwili inayoilinda, ingawa waliomo ni nyuki.

Katika mzinga mmoja, Vuguvugu na wenzake walikuwa na kazi ya kutetemesha miili yao ili watoto wasipoe. Hadhari alikuwa mlinzi. Adui akija, Hadhari alimwaga harufu ya hatari, na kila aliyeinusa aliacha kazi yake mpaka vita viishe.

Siku moja nyigu aliingia, akauawa pale pale mlangoni. Hadhari akaendelea kumwaga harufu.

"Dada, nyigu ameshakufa," Vuguvugu alisema. "Tuache tupashe joto."

"Huyo amekufa. Na wenziwe je?"

Harufu ikawaganda wapasha joto mwilini. Kesho yake Hadhari alipita karibu na Vuguvugu, akamnusa, akasita.

"Wewe unanuka hatari."

"Ni harufu yako, dada. Umetumwagia tangu jana."

"Maadui wote husema hivyo," Hadhari alisema, akamchoma mwiba. Wengine walionuka vivyo hivyo nao wakachomwa, wakafa, akabaki mpasha joto mmoja aliyejificha nyuma ya sega.

Jioni mzinga ukapoa. Hadhari akajaribu kuruka, mbawa zikakataa.

"Kuna adui humu ndani," alisema. "Ametuibia joto."

Akajikusanya, akamwaga harufu yote aliyobaki nayo. Yule mpasha joto wa mwisho akainusa, akaacha kutetemeka.