Gunzi la Bi Mashavu

"Imeshuka!" nesi alipaza sauti akipunga karatasi ya majibu. "Bi Mashavu, fosfeti imeshuka!"

Bi Mashavu aliinuka nusu kando ya mashine ya kusafisha damu. Mwaka mzima alimeza vidonge vya kunasa fosfeti, madini ya chakulani, alfajiri kabla ya kula, akiamini dawa haichanganywi na chakula; madini hayo yakajaa kwenye damu, na ngozi ikamwasha hadi akajikuna kwa gunzi la hindi. Mwezi huu tu ndipo alipomsikiliza nesi, akavitafuna pamoja na tonge.

"Kumbe dawa yenyewe ilikuwa inataka wali!" Alicheka hadi kitanda kikatikisika.

Akatoa gunzi mkobani, akampa kijana wa kitanda jirani, aliyekuwa akijikuna shingo.

"Shika, mwanangu. Haya niambie, vidonge vyako unavimeza saa ngapi?"

"Alfajiri," kijana alijibu, na mkono wake ukasimama shingoni.