Kiti cha Tano

Kwa mara ya saba kompyuta ya marehemu ilipokea nywila, ikazima kioo, kisha ikarudi kuomba nywila ileile. Tumsifu akapiga meza. Wasifu ambao baba yake alijiandikia mwenyewe ulikuwa humo, na ibada ilianza saa nane.

"Usiipige, dada," alisema Mshamu, fundi. "Mfumo wake, Linux, umegoma kufungua madirisha tu. Mafaili yapo."

Mshereheshaji alichungulia mlangoni. "Wasifu vipi? Na viti vya watoto wa marehemu niweke vingapi?"

"Vinne! Kwani hutujui?"

Mshamu alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kioo kikawa cheusi, akaandika amri kwa herufi nyeupe. Maneno ya mzee yakateremka bila pambo lolote. Mshamu alisoma kwa sauti, Tumsifu akanakili mbio kwenye daftari: alikozaliwa, shule alizofundisha, ndoa.

"Ameacha mjane na watoto watano."

Kalamu ikasimama. "Tuko wanne."

"Labda alikosea. Nirekebishe?"

"Mwalimu wa hesabu akosee idadi ya watoto wake?"

Tumsifu aliinuka, akaketi, akainuka tena. Dirishani alimwona mama yake mkekani, ameinamisha kichwa. Akakibeba kiti alichokuwa amekalia, akatoka nacho nje, akakiweka mwisho wa safu ya mbele. Hakukikalia. Alisimama nyuma yake, ameshika egemeo, akitazama waombolezaji wakiingia getini mmoja mmoja.