Baiskeli Mpya ya Robi

Mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio yalikuwa keshokutwa mjini Homa Bay. Mama yake Robi akafika kutoka Migori akiwa na baiskeli mpya begani.

"Usibadilishe sasa," kocha akaonya. "Mwili wako umezoea ile kuukuu."

Robi alijua anasema kweli. Lakini alipoushika usukani, mpira wake mpya ulimnata viganjani.

"Wacha nijaribu tu hadi pale kwa kona."

Akapita kona. Mlima uliozoea kumtoa jasho ukamwishia angali anacheka peke yake.

Simu ikalia. "Robi, uko wapi?" kocha akauliza.

"Nimefika mbali huku Rodi Kopany, kocha. Na hata sijachoka!"

Nyuma ya kocha, mama akapiga vigelegele.