Mara Thelathini na Saba

Haya ni kweli tupu, wala sikutia chumvi hata punje.

Mwalimu Zamda alitunga majaribio ya hesabu ya mtandaoni kwa watu wazima, kwa uangalifu, kama mtu anayechambua mchele wa nyumba nyingine. Anayekosa, mwalimu alimwandikia: "Pole, umejumlisha kabla ya kuzidisha. Turudi nyuma pamoja." Anayepata alipewa neno moja: "Sahihi."

Asubuhi moja akaona mzee mmoja mstaafu amekosa swali la nne mara thelathini na saba. Ukikosa mara arobaini, unafutwa darasani. Akampigia simu.

"Mzee wangu, swali la nne limekushinda?"

"Wapi! Jibu ni kumi na nane."

"Sasa mbona unakosa?"

"Nikipata, mwanangu, unanipa neno moja kisha unaninyamazia. Nikikosa unaniambia turudi pamoja. Humu nyumbani hakuna mwingine wa kuniambia hivyo."

Zamda akakata simu. Alifungua kisanduku cha ujumbe wa anayepata, akalifuta lile neno "Sahihi", akatazama kijistari kikiwaka na kuzima mahali peupe.

Nilipofika hapo katika kuwasimulia wenzangu barazani, Bi Mgeni muuza kahawa akanikodolea macho. "Na huyo mzee ni nani, kama si wewe?"

Baraza zima likacheka. Nikawalipia wote kahawa.

"Basi tuambie," akasema Bi Mgeni, "mwalimu aliandika nini pale peupe?"

"Sijui. Kumi na nane bado sijaibonya."