Refa Aomba Kusikilizwa

Tangu aanze kupuliza filimbi, Refa Chambuso hakuwahi kumsikiliza mchezaji hata mmoja. Ukimwendea na "lakini refa", kadi imeshatoka mfukoni.

Leo alisimama mbele ya jaji kwa niaba ya chama cha waamuzi, kilichoishtaki ligi kwa kuwafukuza wenzake waliogoma.

"Hoja zenu za maandishi nimezisoma," alisema jaji. "Zinatosha. Nitatoa uamuzi."

"Lakini mheshimiwa! Tunaomba tusikilizwe kwa mdomo! Karatasi itakuelezaje jinsi mshika kibendera Kibwana, yule pale nyuma, alivyopigwa chupa ya kichwa na bado akamaliza mechi?"

"Bwana Chambuso, uamuzi ni wangu."

"Huu ni uonevu! Hata hujaangalia vizuri!"

Alikuwa ameshaifikia meza ya jaji, mikono hewani, mishipa ya shingo imemtoka. Jaji alimtazama, kisha taratibu akaingiza mkono ndani ya joho, upande wa kifuani.

Chambuso akanywea. Akachomoa shati kwenye suruali, akainamisha kichwa, akaanza kutoka bila kusubiri kuonyeshwa kadi.

"Sasa unakwenda wapi?" aliuliza jaji, akijifuta jasho kwa leso aliyoitoa. "Nimekubali. Njoo useme."

Lakini Chambuso hajapata kuona aliyetolewa akarudishwa uwanjani. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akamtumbulia macho Kibwana, amwonyeshe kama mstari ameshauvuka.