Mkono Mwepesi wa Ildephonse

Wagonjwa wa malale walilia kila sindano ilipoingia. Térence peke yake alitulia, kisha akamshukuru muuguzi.

"Ildephonse, weye uko na mukono mwepesi. Minye sikusikia kitu."

"Pumzika, ndugu yangu," Ildephonse alimjibu, akampangusa jasho.

Ilikuwa Uvira, mwaka wa 1953. Térence alilima pamba Nyakabere, kijiji ambako Ildephonse alikuwa akipita mara kwa mara kupima watu damu. Ugonjwa ulimwanza kwa kusinzia shambani mchana. Mwishowe akawa anasahau hata jina la mkewe, Claire. Hospitalini daktari Mzungu alimtoa maji ya mgongo, akayatazama kwa darubini, akaona vijidudu vimekwisha kuingia ubongoni.

Ildephonse ndiye aliyemfasiria Claire maneno ya daktari. Kulikuwa na dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya upole, lakini chembe zake ni kubwa mno. Ubongo una ukuta wake, na chembe hizo hazipenyi. Hubaki kwenye damu. Ya pili ilikuwa mpya, imetengenezwa kwa sumu. Chembe zake ni ndogo, huyeyuka katika mafuta, hupita ukuta ule na kuua vijidudu. Ila huunguza mshipa kama moto.

"Huyu atapona kwa ya pili tu," daktari alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Claire alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Aliinamisha kichwa.

"Asiteseke," alimwambia Ildephonse kwa sauti ndogo. "Ni hiyo tu naomba."

"Nimesikia."

Kila asubuhi Claire alileta ugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, akamlisha mumewe kwa mkono wake. Wake za wagonjwa wengine walimsifu. Siku akili ilipomrudia, Térence alimpakata mtoto na kusema amechukua paji la uso la marehemu baba yake. Sindano ziliendelea, naye hakulia hata mara moja.

Kisha usingizi ukazidi. Akaacha kutafuna. Alikata roho akiwa ameshika vidole vya Ildephonse.

Daktari alishangaa. Dawa ile ile ilikuwa imewainua watu waliokuwa wamezidiwa kuliko Térence. Ildephonse alitazama chini. Daktari akadhani analia, akampa ruhusa ya kwenda kuzika.

Matanga yalipokwisha, Ildephonse alikwenda mtaa wa Songo, kwenye nyumba ambamo Claire alikuwa amepanga tangu mumewe alazwe. Alimkuta peke yake.

"Ile ya moto nilikuwa naimwanga inje," alisema. "Nilimupa ile ya damu tu, mpaka mwisho. Munganga hakujua."

Claire alifunga mlango, akamfungua mtoto mgongoni.

"Basi mubebe mutoto wako," akasema, "nikupikie chakula."